Alama za Mtoto

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Baraka

Papa Isidore amenipa kaye hii. Jalada la bluu, karatasi za mistari. Ameamuru: kila siku niandike kitu kimoja nilichokiona. Siyo nilichofikiri, siyo nilichosikia. Nilichokiona!

Sababu ni samaki. Mama Florentine, mwenye malewa, kile kibanda cha chakula pale karibu na soko, aliagiza kibao: samaki mkubwa kwenye sahani, na maneno «Karibu Tukule». Papa Isidore akaniachia samaki peke yangu, mara ya kwanza tangu anifundishe kazi ya rangi. Nilichora asubuhi yote, nikaridhika kabisa. Mama Florentine alipokuja kuangalia, akashika kiuno. Akaita jirani. Jirani akaita bamama wanaouza ndagala, samaki wadogo. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Samaki wangu ana kope! Ndefu, nyeusi, zimejikunja. Nilimpa jicho la ng'ombe.

Miaka mitano niko kando ya ziwa hili, ninakula samaki wake, na sijawahi kumwangalia samaki machoni. Papa Isidore hakucheka. Alisema, we iko unachora kwa kukumbuka, haiko kwa kuona. Tena ukiosha brashi unafumba macho, juu ya nini? Nikamwambia sifumbi. Unafumba, akasema, mi nakuona kila siku, sawa muntu anaomba.

Mzee huyu ananichosha. Mimi, Nsengimana, mchungaji wa ng'ombe, nifundishwe kuangalia!

Ninaandika Kiswahili cha Biblia, kile cha shule ya misheni kule juu milimani. Kinywani nina cha sokoni. Haidhuru. Hakuna atakayesoma.

Jumanne, 6 Agosti

Kitu kimoja: samaki hafumbi jicho. Hana cha kufumbia.

Nilikaa kwenye mitumbwi tangu kulipopambazuka. Mama mmoja aliniuliza kama ninataka kununua ao ninataka kuoa. Nikasema ninaangalia tu. Eh, akasema, kuangalia ni bure, lakini sogea, unanizibia wateja.

Basi ni vitu viwili: akina mama wanaonunua hawaangalii jicho kwanza. Wanafunua shavu la samaki kwa kidole gumba. Ndani pakiwa pekundu, wanabishana bei. Pakiwa pamefifia, wanaondoka bila neno. Nimeona hivyo kwa bamama karibu wote, na kila siku ninapita pale bila kuona!

Alhamisi, 8 Agosti

Leo hakuna aliyeniita kwa jina. Papa Isidore amekwenda Mboko kuandika majina kwenye mitumbwi, kwa hiyo nilibaki peke yangu kwenye atelie yetu — manjanja manne ya bati juu ya miti. Vumbi la barabara limeshika rangi mbichi. Nilipangusa mara tatu.

Hapa watu wananiangalia sana. Wanaangalia pua, wanaangalia urefu, basi, wamemaliza. Wanajua nimetoka wapi, ao wanadhani wanajua, na macho yanakwenda pengine. Siwalaumu. Hata mimi nilipofika niliwaangalia vivyo hivyo.

Kitu kimoja: sahani yangu imechubuka rangi upande mmoja tu. Ni pale kidole gumba kinaposhika. Miaka mitano, sahani moja, mtu mmoja, kidole kimoja. Niliiweka chini, chakula kingali ndani. Nilikwenda kulala jua lingali nje.

Jumatatu, 12 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu.

Aline amekuja. Ni yule binti wa shirika linalotafuta watu waliopotezana. Nilijaza karatasi kwao mwaka ule ule nilipofika, kisha kimya, nikadhani karatasi imeliwa na mchwa. Leo ameshuka kwenye moto, pikipiki ya shirika, kofia mkononi, akasema: Papa Nsengimana, kule Lweba iko mutoto.

Msichana. Kama miaka kumi na mmoja. Anaitwa Divine, lakini zamani aliitwa Ikirezi.

Ikirezi wangu alikuwa na miaka sita.

Aline alinieleza polepole. Mama mmoja alishuka naye kutoka milimani akiwa mgongoni. Mama yule akafa kwa kipindupindu Mboko. Mwanamke mmoja Mrundi, mkimbizi, mkulima wa muhogo, jina lake Goreth, akamchukua mtoto akamlea. Hakumwandikisha popote, aliogopa atanyang'anywa. Mwaka huu shule imedai karatasi, ndipo mambo yakatoka.

Nilisema twende. Sasa hivi! Nilikuwa nimeshashika shati.

Akasema ngoja. Jina lilitangazwa makanisani kule Lweba mwezi uliopita, kila mtu kule analijua. Tayari alikuja mwanaume mmoja, akalia machozi mengi, akasema ni wake. Kumbe alitafuta mtoto wa kumfanyia kazi za nyumba. Sasa Goreth hataki kusikia habari ya baba yeyote. Kwa hiyo maswali kwanza. Picha ya mtoto haonyeshi kabla ya maswali. Mtoto ameshajibu ya kwake, yako ndani ya bahasha.

Swali: alama za mtoto. Kovu? Doa? Jino? Sikio?

Kisha nikasikia mdomo wangu unasema habari za Bihogo. Kahawia nzito, doa jeupe ubavuni upande wa kushoto, upana wa kiganja, pembe ya kuume imeinamia mbele, sikio limechanika kwa mwiba alipokuwa ndama. Nikaendelea na mama yake Bihogo. Nikaendelea na wale wa kaka yangu, mmoja mmoja, na wote walikufa ao wameliwa.

Aline akaweka kalamu chini. «Papa,» akasema, «mi naulizia mutoto.»

Papa Isidore alikuwa anakoroga rangi. Aliacha kukoroga.

Nikasema: hana alama. Mtoto mzuri tu. Aline akaandika.

Swali lingine: mulipotezana namna gani? Nikasema nilikuwa nimemshika mkono, watu wakawa wengi kwenye kijito, tukaachana. Akaandika hiyo pia. Nilifurahi kwamba alikuwa anaangalia karatasi, haniangalii mimi.

Jumanne, 13 Agosti

Nimejaribu kumchora.

Kichwa kilitoka. Shingo ilitoka. Kitenge cha bibi yake alichofungwa begani siku za baridi, kile cha maua ya manjano, kilitoka mpaka mshono wake. Nilipofika usoni, mkono ukasimama. Nikachora macho: yakawa ya Kabagwira, mama yake, marehemu. Nikafuta. Nikachora tena. Kope za ng'ombe! Niliitupa karatasi kwenye makaa ya moto.

Niiandike, labda nitaelewa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuwahesabu ni kuita mkosi. Unasimama kwenye lango la zizi, wanapita, unawaangalia, na moyo wenyewe unakuambia nani hayupo. Baba yangu alikuwa hivyo, mimi niko hivyo. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuniuliza ng'ombe fulani ni uzao wa nani, nikawaambia kwa kumwangalia mgongo. Nilisifiwa. Nilipenda kusifiwa, kwa nini nidanganye.

Na mtoto? Mtoto yupo. Asubuhi ninakamua, yeye yuko mbele, amemshikilia ndama. Nilijua yupo kwa sababu ndama hakunisukuma.

Kitu kimoja nilichokiona leo: hakuna.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama Florentine hataki tena samaki. Anataka uso wake mwenyewe kwenye kibao, «bajue ni nani anapika». Akaketi mbele yangu kwenye bidon tupu ya mafuta, aproni mpya, mikono magotini. Papa Isidore akasema, usishike brashi mpaka nikuambie.

Nikamwangalia. Haya ilinijaa. Kwetu mwanaume hamkodolei macho mke wa mtu! Lakini yeye akasema, angalia tu, mume yangu ye mwenyewe aliacha kuniangalia zamani.

Nyusi ya kushoto iko juu kidogo kuliko ile ya kulia. Kidevuni kuna alama tatu ndogo za mafuta moto. Meno ya mbele yameachana. Akazungumza habari ya mwanawe aliyekwenda Kazimia kufanya biashara ya samaki, hapigi simu tangu Pasaka. Akacheka aliposema hivyo. Lakini pembe ya mdomo, upande wa kushoto, haikucheka. Ilijikaza.

Nilichora mdomo ule ule.

Alipoona akainuka kwenye bidon. Akauliza ni nani aliyeniambia. Nikasema hakuna, nimeona. Akagusa mbao, rangi ikamshika kidoleni. Kisha akasema, ingia ndani, ukule, usikule umesimama sawa soja. Wali, maharage, samaki. Nilikula nimekaa, na mtu mbele yangu. Aliuliza kama chumvi inatosha. Ilikuwa imezidi, nikasema inatosha.

Njiani nililia. Uso wa mama asiyenihusu nimeujua kwa asubuhi moja. Wa mtoto wangu miaka sita, na sina hata nyusi.

Jumatano, 21 Agosti

Aline amerudi. Sura yake niliijua kabla hajazima moto: midomo imekazwa, macho kwenye ardhi.

Majibu hayafanani.

Ya alama, sikusema kitu, kwa hiyo hakuna cha kufananisha. Lakini lile la kupotezana halifanani hata kidogo. Mtoto anasema kitu kingine kabisa. Nikauliza anasema nini. Aline akasema hawezi kuniambia, ndiyo sheria, na mimi ningesema hivyo hivyo kama ningekuwa yeye.

Goreth amekubali mara moja tu. Jumamosi, Lweba, mbele ya pasta na mama wa kamati ya kulinda watoto. Nikishindwa, karatasi inafungwa, asione tena mtu wa kumsumbua mtoto.

«Papa,» Aline akaniambia alipopanda moto, «kama iko kitu ulificha, kiseme. Mi sitakuhukumu.»

Ni mtoto mdogo, angeweza kuwa binti yangu mkubwa. Nilishindwa kumwangalia.

Alhamisi, 22 Agosti

Basi. Hapa hakuna mtu.

Sikumshika mkono.

Siku ile tulikuwa tunashuka, nyumba nyuma yetu zinaungua. Watu, mbuzi, magodoro. Tulifika kwenye kijito jua likiwa juu. Ng'ombe wakavuka. Nilisimama ng'ambo kama kwenye lango la zizi, nikawaangalia wakipanda kutoka majini, na mara moja, kabla wa mwisho hajatoka, moyo ukaniambia: Bihogo hayupo.

Ikirezi alikuwa pale, kando ya jiwe, ameloa mpaka magoti. Hilo ninalijua. Nikamwambia kaa hapa. Sikumwangalia nilipomwambia, nilikuwa ninaangalia kilima.

Nikarudi kumfuata ng'ombe.

Nilipokuja tena, jiwe lilikuwa na maji juu yake, nyayo za watu pande zote, na hakuna mtu. Waliokuwa pale walikimbizwa, wakatawanyika. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Ndipo nikajiuliza alivaa nguo gani. Sikujua! Nguo gani, rangi gani, sikujua. Watu njiani waliniuliza, mtoto yuko namna gani, nikasema msichana, mdogo. Wote walikuwa na msichana mdogo.

Macho haya yalisifiwa milima yote. Yalimkosa ng'ombe mmoja papo hapo. Mtoto sikumkosa mpaka nilipokuwa nimemkosa kabisa.

Nimemwambia Papa Isidore leo. Ni mtu wa kwanza. Yeye ni Mubembe, na watu wetu na watu wake wana vita vyao vya kule milimani, tunajua sote wawili. Aliosha brashi zote, polepole, zangu na zake. Kisha akasema, kesho usikuje kazini, ufue shati. Ni hivyo tu. Sijui kama ananidharau.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimefua shati. Limekauka. Nimelifua tena.

Kitu kimoja: kipande cha sabuni kimekwisha.

Jumamosi, 24 Agosti. Lweba

Ninaandikia hapa hapa, uani kwa Goreth, kwenye kiti kifupi cha mti. Nisipoandika nitainuka nikimbie.

Nitaanza na yaliyopita. Papa Isidore alinilipia moto, akasema leo usichore, angalia. Nilifika kabla ya saa tatu. Nyumba ya matofali mabichi, manjanja na hema vimeunganishwa juu, muhogo umeanikwa kwenye mkeka. Goreth alisimama mlangoni, mtu mwembamba, mikono ya jembe. Hakunipa mkono. Mbele ya watu wote aliniuliza kwa Kirundi, na Kirundi na lugha yangu vinasikilizana, hakuna pa kujificha: wewe ni wa pili, utalia nawe?

Nikasema sitalia.

Pasta, mama wa kamati, Aline na bahasha yake. Mtoto alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu chini ya pazia. Kidole cha pili ni kirefu kuliko kikubwa. Ndivyo ilivyo miguu ya mama yangu! Lakini sikusema, nani angeniamini sasa.

Aline akauliza: mulipotezana namna gani?

Nikasema. Yote. Kijito, jiwe, kaa hapa, Bihogo. Nilisema nilikwenda kwa ng'ombe nikamwacha mtoto. Nilisema mara ya kwanza nilidanganya kwa sababu ya haya. Pasta aliinamisha kichwa. Mama wa kamati akatoa sauti ya puani, mm-mm, ile ya kumkatia mtu tamaa. Goreth aliniangalia kwa chuki waziwazi, nikaona ni haki yake.

Aline akafungua bahasha. Akasoma polepole, akitafsiri: «Baba aliniambia nikae kwenye jiwe. Alirudi kuchukua Bihogo.»

Kuku alipita juu ya muhogo, hakuna aliyemfukuza.

Akaendelea, kwa sababu walimwuliza mtoto pia alama za baba. «Baba anakunja mkono mmoja tu wa shati, wa kushoto.» Wote wakaangalia mikono yangu. Nikaangalia na mimi. Wa kushoto umekunjwa, wa kuume umeshuka. Shati nililolifua mara mbili! «Akikamua anafumba macho. Anaimba bila kufungua mdomo. Akimaliza anafumbua, anaangalia maziwa.»

Kumbe ni kweli. Mzee Isidore, nisamehe.

Kila asubuhi mtoto yule alisimama mbele yangu, ndama mikononi, ananiangalia. Hatua mbili tu. Na mimi nimefumba. Halafu maziwa.

Nilikuwa nimesema sitalia. Nilishindwa.

Goreth mwenyewe ndiye aliyeinua pazia. Akatoka msichana mrefu, gauni la shule, nywele zimenyolewa. Alisimama karibu na mama yake — niandike hivyo, mama yake, maana alimshika kitenge. Aliniangalia kuanzia miguuni, akapanda. Hakuharakisha. Hivyo ndivyo mimi nilivyokuwa ninaangalia ng'ombe wa kununua.

Akasema neno moja tu, kwa Kirundi: Bihogo, ulimpata?

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa tayari mdomoni. Ingekuwa afadhali, tungekuwa tumepoteza sote.

Nikasema: nilimpata. Alikuwa amenasa kwenye miti, nikamtoa. Akafa mwezi uliofuata, huku chini, kwa joto na kupe.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokijua. Akageuka, akaingia ndani. Goreth akamfuata.

Ni hapo tulipo. Aline anasema karatasi inafanana, kwa karatasi mimi ni baba. Lakini kwenda ao kubaki, mtoto ana miaka ya kuulizwa, na Goreth naye atasikilizwa. Nikasema ndiyo, aulizwe. Pasta ameaga. Ninasikia sauti mbili ndani, chini chini, sishiki maneno. Goreth analia, nadhani. Mwingine halii.

Vitu nilivyoviona, viwe vingi leo: shingo ndefu. Masikio yamekaa karibu na kichwa. Anaegemea mguu wa kushoto. Macho si ya Kabagwira, si yangu, ni yake. Kovu juu ya nyusi ya kulia, dogo, limenyooka, la zamani. Nilimwuliza Goreth kwa sauti ya chini alipotoka kuchukua maji. Alikuja nalo, limekwisha kupona, akanijibu.

Alikuja nalo. Yaani alilipata kwangu, na sikuliona.

Pazia limefunguka. Anatoka peke yake, na kiti mkononi. Amekiweka mbele yangu. Hatua mbili. Amekaa. Anaangalia mkono wangu unavyoandika, anaangalia kalamu, sasa uso. Nimeacha kuangalia kaye, mistari itapinda, basi ipinde.

Ninataka kumwuliza kovu lile lilitoka wapi. Lakini nikiuliza, atajua kwamba mimi sikuwahi —